Siku Nguchiro Aliposema Kweli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifunga milango usiku na kugombana na majirani mchana kama sisi, palikuwa na ziwa liitwalo Mavumoni. Upepo wa ziwa hilo haukujua kupumzika. Vuuu asubuhi, vuuu jioni! Ukianika shuka kwako, unaikuta kwa jirani ameshaitandika.

Mahali pamoja tu palikuwa na utulivu, napo ni kwenye kighuba kidogo kilichokingwa na mawe. Hapo aliishi Nguchiro na mkewe. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi, na watoto walikuwa hawajafungua hata macho.

Sasa tusifichane. Nguchiro alikuwa mwongo. Tena si mwongo wa kubahatisha, ni mwongo fundi. Alimwambia Bi Kifaru kuwa moshi wa pilipili unasafisha macho. Bi Kifaru akajifukiza, akalia wiki nzima. Alimwambia Kiboko kuna karamu ya harusi ng'ambo ya mlima. Kiboko akapanda mlima na tumbo lake lote lile, akakuta mbuzi mmoja anacheua. Akamuuliza, "Wewe ndiye bwana harusi?"

Ndiyo maana Mavumoni nzima walikuwa na msemo wao: Nguchiro akikwambia kumekucha, rudi ukalale.

Basi siku moja, puu! Mlango wa Nguchiro ukaanguka ndani. Hakuna hodi, hakuna salamu. Alikuwa Kiboko, na nyuma yake alisimama mama mkwe wake, Bi Kifaru. Msiniulize kiboko alioaje kwa kifaru. Harusi yao sikualikwa.

"Nguchiro, hama!" akasema Kiboko. "Mke wangu anataka maji yasiyo na mawimbi. Na mama mkwe anakuja kukaa nasi."

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Shikamoo, Bi Kifaru," Nguchiro akasema. "Jamani, watoto wangu hawajafungua macho. Nikiwatoa kwenye upepo huu watakufa."

"Watafungua njiani," akasema Kiboko.

Hebu sikieni roho hiyo! Watafungua njiani!

Nguchiro akaona hapa maneno matamu hayatasaidia, akakimbilia mila. "Mzee wangu, ufukwe wa Mavumoni hauchukuliwi kwa kifua. Tangu mababu, ufukwe unagombaniwa kwa tanga. Twende kwa Mwamuzi."

Mwamuzi alikuwa Korongo, aliyesimama majini kwa mguu mmoja mchana kutwa, akiupumzisha wa pili. Akawasikiliza, akakohoa.

"Nguchiro amesema sawa. Wawili wakigombania ufukwe, wanashindana kwa mashua za tanga. Makasia marufuku."

"Mashua?" Kiboko akafoka. "Mimi naogelea! Tangu lini kiboko akapanda mashua?"

"Mila imeshakufikiria," akasema Korongo. "Anayejua tanga humfundisha asiyejua, hadharani, mbele yangu. Na Nguchiro, nisikilize vizuri. Ukimfundisha uongo, hata neno moja, umeshindwa. Unahama siku hiyohiyo."

Kiboko alicheka mpaka ziwa likapata mawimbi. "Ha! Ha! Ha! Nguchiro afundishe bila kudanganya? Mama mkwe, anza kufunga mizigo, ghuba ni yetu!"

Jioni ile mke wa Nguchiro alilia huku ananyonyesha. "Baba watoto, tumekwisha. Wewe na kweli, wapi na wapi?"

"Mama watoto, kesho nitasema kweli mpaka mdomo ukauke."

"Na wakiisikia kweli, si watakushinda? Mashua yao kubwa, tanga lao kubwa!"

"Kuisikia wataisikia," akasema Nguchiro. "Wewe lala."

Kulipokucha, wanyama wote walijaa ufukweni kuona mwongo akifundisha. Nyani walipanda mawe, kasa wakatoa shingo. Kiboko alikuja na mashua ya gogo zima, na tanga lililoshonwa kwa mapazia ya nyumba yake yote. Mama mkwe naye alikuwepo, maana alisema mkwe wake hawezi kushindwa yeye akiwa ndani ya chombo.

Ila hapo palikuwa na shughuli. Mkwe na mama mkwe wana miiko yao, mnaijua. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hapiti mbele yake. Kumgusa ndiyo kabisa, usiseme! Kwa hiyo Kiboko kila akisema na Bi Kifaru, anageukia pembeni na kuongea na kichaka.

Nguchiro akapanda juu ya jiwe. Akakohoa. Akakuna sikio. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamkonyeza Korongo.

"Unanikonyeza nini?" akauliza Korongo.

"Vumbi, Mwamuzi."

Kiboko akakinong'oneza kichaka, "Umeona, mama? Ameshaanza."

"Nimeona, baba," kikajibu kichaka. Yaani Bi Kifaru.

"Somo la kwanza," akasema Nguchiro. "Mwanzo wa safari ni mstari kati ya nguzo zile mbili. Pembe ya Mwamuzi isipolia, usiuvuke. Ukiuvuka mapema, unarudishwa nyuma. Lakini usisimame kungoja! Zungukazunguka nyuma ya mstari, ili pembe ikilia, mashua tayari ina mwendo."

Korongo akaitikia kwa kichwa. "Kweli."

"Sikia huyo!" Kiboko akanong'ona. "Nizungukezunguke nipate kizunguzungu! Mama, mwenye akili anakaa palepale mlangoni."

"Funga mashua kwenye nguzo, baba. Kaza kabisa."

"Somo la pili. Mnakiona kile chelezo, kibuyu kinachoelea kule katikati? Mtakizunguka, kisha mtarudi hapa hapa kwenye mstari. Na upepo unatoka kulekule kwenye chelezo. Basi usielekeze mashua moja kwa moja kwenye upepo. Tanga halipati upepo wa usoni. Nenda mshazari kidogo huku, geuka, nenda mshazari kidogo kule, mpaka ufike. Ndiko kubisha huko."

"Kweli tupu," akasema Korongo, naye akaanza kushangaa.

Bi Kifaru akaguna. "Mwanangu, kibuyu kiko mbele, yeye anatwambia twende kando. Hata mimi nisiyeona vizuri nakiona kibuyu!"

"Na aliyekufanya usione vizuri ni nani, mama?"

"Yeye na pilipili zake!"

Nguchiro akawasikia. Akashusha macho kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, akaendelea.

"Somo la tatu. Upepo unalaza mashua upande mmoja. Nyinyi kaeni upande ule mwingine, unakotoka upepo, uzito wenu uisimamishe. Mashua ikigeuka, nanyi mnahama, mnapita chini ya tanga wote wawili, mnakaa upande wa pili."

Kiboko akaruka. "Nini? Nipishane na mama mkwe chini ya tanga? Tusuguane mabega? Mwamuzi, huyu anataka kuniaibisha mbele za watu!"

"Anasema kweli," akasema Korongo.

"Wewe ameshakupaka mafuta!"

Nani anacheka huko nyuma? Cheka tu, yako inakuja. Siku ukioa, utajua mama mkwe anapitwaje.

"Somo la nne," Nguchiro akasema haraka haraka, anapepesa macho. "Upepo ukija ghafla kwa nguvu, legeza kamba ya tanga. Ukiikaza, unapinduka. La mwisho: ukiona mwenzio anazama, acha mashindano, kamwokoe kwanza. Ukimpita, hata ukifika wa kwanza, umeshindwa. Nimemaliza."

Akateremka kwenye jiwe na kucheka kidogo. Hicho kicheko ndicho kilichowamaliza wale wawili.

"Mama, tumemshika," akasema Kiboko. "Kila alichosema, sisi tugeuze."

"Kila kitu, baba. Mwongo ni dira. Akinyoosha kidole kaskazini, wewe unajua kusini iko wapi!"

Haya, yakaja mashindano. Upepo, vuuu! Nguchiro alikuwa na kimashua chembamba, tanga dogo, na mfuko wa mchanga wa kumwongezea uzito. Akawa anazunguka nyuma ya mstari, huku anaenda, kule anarudi. Kiboko na Bi Kifaru walikuwa wametulia kwenye nguzo, mashua imefungwa mafundo juu ya mafundo.

"Tazama anavyohangaika!" akacheka Kiboko.

Korongo akapuliza pembe. Puuuu!

Swaa! Nguchiro akapita kama mshale.

"Fungua, mama! Fungua!"

"Nafungua! Fundo limelowa, halifunguki!"

"Ng'ata!"

"Mimi sina meno ya kung'ata kamba, wewe ndiye mwenye mdomo!"

"Siwezi kuja huko, upo hapo!"

Bi Kifaru akaona isiwe tabu. Akaingiza pembe yake chini ya kamba, akavuta. Krraaa! Kamba haikukatika. Nguzo iling'oka, ikaanguka majini, ikaanza kuwafuata.

"Nguzo yangu!" akapiga kelele Korongo.

Kiboko akashika usukani, uso ameugeuzia pembeni kwa sababu mama mkwe amekaa mbele. Kwa hiyo anaongoza chombo kwenda asikotazama.

"Mama, nieleze, kibuyu kiko wapi?"

"Mbele kabisa! Nyoosha!"

Akanyoosha. Tanga la mapazia likapoteza upepo, likaanza kupiga makofi. Pata! Pata! Pata! Pata!

"Unasikia hizo kelele, mama? Hiyo ndiyo kasi!"

"Naisikia, baba! Na maji nayaona yanapita!"

"Basi mbona sauti ya Korongo inakuwa kubwa?"

"Atakuwa anatufuata. Ana wasiwasi na nguzo yake."

Watu wangu, walikuwa wanarudi nyuma! Upepo uliwasukuma taratibu kuelekea ufukweni walikotoka, na nguzo yao inabinuka nyuma. Nyani walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka juu ya jiwe.

Nguchiro huku anabisha. Mshazari kushoto, anakaa na mfuko wake wa mchanga upande wa upepo. Halafu, "Haya, tugeuke!" Anapita chini ya tanga, anauburura mfuko, anakaa upande wa pili. Mshazari kulia. Mgongo unauma, makucha yanamchubuka, maji yanampiga usoni. Lakini kibuyu kinakaribia. Akakizunguka, upepo ukamkamata mgongoni, akalegeza kamba, tanga likafunguka lote. Alimwaza mkewe na wale watoto, akasema, "Wanangu, laleni, baba anarudi."

Mara upepo ukaja na nguvu mpya. Vuuuuuu! Ukaipiga mashua ya Kiboko ubavuni, na tanga likajaa ghafla, mashua ikaanza kulala.

"Upepo mkali, mama! Alisema tulegeze!"

"Basi kaza!"

"Nakaza!"

"Na alisema tukae juu!"

"Basi sote tukae chini!"

Wakakaa wote wawili upande uliolala, kila mmoja ameangalia kwake. Jaribu kufikiri uzito huo.

Chubwi!

Mashua ikapinduka. Tumbo juu, mapazia chini. Kiboko aliibuka bila taabu, maji ni kwao. Lakini Bi Kifaru aliibuka pua tu, miguu inapiga maji, anazama, anaibuka.

"Nakufa! Mkwe wangu, nakufa!"

Kiboko akaogelea mpaka karibu, akasita, akageuza uso. "Mama, ningekushika, lakini mama mkwe haguswi!"

"Usiniguse! Lakini niokoe!"

"Kwa kutumia nini?"

"Sijui! Nakufaaa!"

Nguchiro alikuwa amebakisha kidogo sana. Mstari ule pale, nguzo moja imebaki imesimama. Angenyoosha tu, angefika. Lakini kanuni ya mwisho aliifundisha kwa mdomo wake. Na zaidi ya kanuni, alikuwa anamsikia mama wa watu akimeza maji. Akageuza mashua uso kwa upepo, ikasimama karibu na Bi Kifaru.

Sasa Nguchiro aliijua sehemu ile. Ndipo anapooga kila siku. Kina chake kwa kifaru ni kifuani, basi.

"Bi Kifaru!" akaita. "Simama! Weka miguu chini! Maji ni ya kifua tu!"

"Mwongo!" Bi Kifaru akalia, akameza funda la maji. "Gulu-gulu! Anataka niteremke nizame!"

"Wallahi nakwambia, simama!"

"Ya pilipili pia uliapa!"

Akakunja miguu yote juu, akazidi kugaragara. Anazama, gulu-gulu, anaibuka. Sauti ikaanza kumpungua.

Hapo moyo wa Nguchiro ulimruka. Hakuwa anacheza tena. Alisema kweli tangu asubuhi, na alifurahi walipoikataa. Leo hii alitaka kweli yake iaminiwe, mara moja tu, na haikuaminiwa. Aliogopa kwelikweli. Mama wa watu angekufa kwenye maji ya kuogea.

Akakuna sikio. Safari hii hakuigiza. Kisha akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Bi Kifaru! Nimekosea! Usisimame! Hapo hakuna mwisho, ni shimo! Ukithubutu kuweka miguu chini, umekwenda!"

Bi Kifaru akafumbua macho. "Ahaa!" akasema. Akashusha miguu yote minne kwa mpigo.

Akasimama.

Maji yalimfika kifuani. Akabaki hapo anatiririka maji, majani ya ziwa yananing'inia kwenye pembe yake.

Nguchiro hakungoja shukrani. Akageuza tanga, upepo ukalijaza, swaa! Akapita mstarini. Korongo akapuliza, puuuu!

"Nakataa!" Kiboko akatoka majini anavuma. "Nakataa! Mwamuzi, ulisema mwenyewe! Akisema uongo, hata neno moja, ameshindwa! Wote tumemsikia anasema pale ni shimo lisilo na mwisho. Lile ni shimo? Mama mkwe si huyo amesimama?"

Wanyama wakaanza kunong'ona. Hata Korongo akateremsha mguu wa pili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mke wa Nguchiro, aliyekuwa mlangoni na watoto kifuani, akaanza kuwafunga kwenye kanga, tayari kuhama.

"Ule haukuwa somo," akasema Nguchiro kwa sauti ndogo.

"Uongo ni uongo!" akafoka Kiboko. "Ahame leo!"

Korongo akafikiri. Akafikiri tena. "Kiboko ana hoja. Uongo umesemwa, na masikio yangu yameusikia. Lakini mlalamikaji ni yule aliyedanganywa, si jirani yake. Bi Kifaru, njoo mbele."

Bi Kifaru akaja, maji yanamchuruzika, Kiboko akapisha haraka asigusane naye.

"Nguchiro alikwambia pale ni shimo, ukisimama utazama. Ulimwamini?"

"Mimi?" Bi Kifaru akainua pembe juu kwa hasira. "Mimi nimwamini huyu? Mbele ya watu wote hawa unaniuliza swali hilo? Hata siku moja! Ningemwamini nisingesimama! Mimi si mjinga!"

"Hukumwamini hata kidogo?"

"Hata chembe!"

"Basi hukudanganywa," akasema Korongo. "Na asiyedanganywa hana kesi. Ghuba ni ya Nguchiro."

"Ala! Mama!" akalia Kiboko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtazama mama mkwe wake usoni.

Ufukwe ulilipuka kwa vicheko. Nyani waliviringika. Mke wa Nguchiro alilia na kucheka kwa pamoja, akakimbia na watoto wake mpaka majini, akamkumbatia mumewe na maji yake yote. Bi Kifaru alisimama akijaribu kuelewa ni wapi alipoteleza, na mkwe wake akaondoka kuvua mapazia ziwani.

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: neno la mtu lipime lenyewe, maana ukiupima tu mdomo uliolitoa, utazama kwenye maji ya kifua.